Nishani za Dhahabu za Ziwa Tanganyika: Waliochagua na Waliochaguliwa, 1859–1877

Kati ya mwaka 1859 na mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliwatunukia nishani za dhahabu wasafiri wanne ambao sifa zao, nusu au zote, zilitokana na kufika kwao Ujiji na ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Nao ni Richard Burton mwaka 1859, John Hanning Speke mwaka 1861, Henry Morton Stanley mwaka 1873, na Verney Lovett Cameron mwaka 1876. Kwa mji mdogo wa biashara, uliojulikana kwa soko lake la samaki, chumvi na mawese, hiyo ni dhahabu nyingi. Wala hapana hata punje moja yake iliyobaki Ujiji.

Ubishi juu ya nani aliyestahili na nani asiyestahili haukukawia kuzuka, na mpaka leo haujatulia. Waandishi wengi wameufanya kuwa ugomvi wa watu wawili, Burton na Speke, wakishika upande mmoja au wa pili kama watazamaji wa ngoma za mashindano. Swali lao si baya, walakini linafunika jingine lililo kubwa zaidi: wale waliopiga kura walitumia kipimo gani? Maana nishani haitolewi na ziwa. Hutolewa na watu walioketi chumbani, mbali na maji, nao hawana mbele yao ila karatasi. Makala haya yanakusudia kuzisoma nishani hizo kwa maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa kuwa katika maneno hayo, hasa katika vitenzi, ndimo kipimo cha wachaguzi kilimojificha.

Ni vema kwanza kueleza namna uchaguzi ulivyofanyika. Jumuiya iliundwa mwaka 1830. Mfalme William wa Nne aliitengea zawadi ya gini 50 kila mwaka, na wa kwanza kuipata, mwaka 1832, alikuwa Richard Lander kwa safari yake ya mto Niger. Baadaye zawadi ikawa nishani mbili za dhahabu zilizo sawa kwa daraja: Nishani ya Mwasisi na Nishani ya Mlezi. Wanachama wa kawaida hawakupiga kura. Aliyechagua ni Baraza, yaani kundi dogo la wakubwa wa jeshi na bahari, mabwana wenye ardhi, wataalamu wa miamba na wachora ramani. Baraza lilijadiliana faragha, kisha Rais akasoma majina na sababu mbele ya mkutano wa mwaka, aghalabu mwezi wa Mei. Watu walisikia hukumu na sababu yake kwa sentensi moja au mbili. Mashauri yenyewe hawakuyasikia. Hali hiyo ndiyo inayoipa sentensi ile thamani kubwa kwa mtafiti wa lugha.

Sasa ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwa sababu Baraza la mwaka 1859 halikuwa limeanza kusikia habari za ziwa siku ile. Mwaka 1845 jarida la Jumuiya yenyewe lilichapisha maelezo yaliyokusanywa na James MacQueen kutoka kwa mtu aliyezaliwa Zanzibar, ambaye jina lake limeandikwa Lief bin Said, juu ya safari yake mpaka ziwa kuu la bara. Mwaka huo huo William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hii, aliandika juu ya jiografia ya ziwa akitegemea, pamoja na vitabu vya Wareno, mazungumzo yake na Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London katika miaka ya 1830. Halafu mwaka 1856 ikachapishwa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyochorwa kwa maneno ya wafanyabiashara wa pwani, nayo ilionyesha bahari moja kubwa ya ndani yenye umbo la konokono asiye na kombe. Wachoraji waliunganisha maziwa kadha kuwa moja; wasimulizi wao kila mmoja alikuwa na ziwa lake na njia yake. Kosa la kuunganisha lilikuwa la kalamu. Lilisahihishwa kwa mdomo, tena bara: walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, Burton na Speke waliambiwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu wa asili ya Omani, kwamba yale ni maziwa matatu mbalimbali. Yaani kabla hawajaliona ziwa hata moja walikwisha kupewa jumla ya jibu.

Walifika ufukoni mwezi wa Februari 1858. Hali zao zilikuwa mbaya. Burton hakuweza kutembea kwa homa iliyomlegeza miguu, na Speke alikuwa na maradhi ya macho hata akaliona ziwa kama ukungu tu. Aliyewaeleza kwamba ule mstari wa mwanga chini ya kilima ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akakaa miaka mingi India, akarudi Zanzibar akiwa huru, na ambaye Burton alimkuta katika askari wa Sultani karibu na Pangani. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kutosha. Yeye na Bombay walizungumza Kihindustani. Jambo hilo dogo la lugha lilizaa jambo kubwa la jiografia.

Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Jahazi hakulipata, alichopata ni mdudu aliyemwingia sikioni na kumtesa kwa siku nyingi. Lakini alirudi Ujiji na habari iliyomfurahisha Burton mno: upande wa kaskazini upo mto mkubwa utokao ziwani. Kama ni kweli, basi huenda mto huo ndio Naili. Aprili wakaenda kaskazini kwa mitumbwi pamoja na Kannena, mkubwa wa Kawele, mpaka Uvira. Huko vijana watatu wa mtawala wa nchi walisema, bila kusita, kwamba mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Ndipo Bombay aliposema kwamba Speke hakuyafahamu maneno ya Hamed. Hamed alikuwa amenena juu ya mto unaoingia. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele, na wasafiri wakarudi bila kuuona mlango wa mto.

Mtaalamu wa lugha hana budi kutua hapa. Katika Kiswahili kiambishi -ni cha mahali hakisemi kama mwendo ni wa kwenda au wa kutoka. Ziwani ni ndani ya ziwa, ni kuelekea ziwa, na ni kutoka katika ziwa. Mzigo wote wa maana huchukuliwa na kitenzi: mto waingia ziwani, mto watoka ziwani. Kihindustani hufanya vingine. Mwendo hudokezwa sana na neno dogo linalofuata jina, men au se. Haidhuru yalikuwa maneno gani yaliyopita siku ile Kasenge kati ya mfanyabiashara, mkalimani na mgeni aliyekuwa mgonjwa. Ilitosha neno moja jepesi kuanguka njiani, na mto ukageuza mwendo wake. Burton hakulisahau tumaini lile. Mwaka 1864, ushahidi wa Uvira ukiwa ungali palepale, yeye na MacQueen walitoa kitabu kilichotetea wazo kwamba Tanganyika ndiyo inayolisha Naili.

Turejee London. Speke alifika Uingereza tarehe 8 Mei, 1859. Burton alifika siku chache tu kabla ya mkutano wa tarehe 23 Mei, ambapo alikabidhiwa Nishani ya Mwasisi. Sababu iliyosomwa ilitaja juhudi zake mbalimbali za upelelezi wa nchi, na hasa safari yake ya hatari, pamoja na Kapteni Speke, mpaka maziwa makuu ya Afrika ya Mashariki. Msomaji aangalie ujenzi wa sentensi hiyo. Jina la Speke limo, ila limewekwa baada ya neno pamoja na. Ni msindikizaji wa kisarufi. Naye Burton, katika kushukuru, alikiri mbele ya mkutano kwamba matokeo ya kijiografia, yaani ramani na vipimo vya nyota, yalikuwa kazi ya Speke, na kwamba yeye mwenyewe alishughulika na historia, desturi na lugha za watu. Ni nadra mshindi kusimama akataja, kwa kinywa chake, kwamba kilichopimwa na wachaguzi kilifanywa na mwingine. Wengine wameyasoma maneno yake kuwa ni ukarimu, wengine kuwa ni kejeli. Vyovyote vile, kwa kipimo ambacho Jumuiya yenyewe ilijivunia, yaani latitudo, mwinuko na ramani, nishani ya mwaka 1859 ilikuwa ya Speke. Ilikwenda kwa Burton kwa kuwa alikuwa mkuu wa msafara.

Wala kipimo chenyewe hakikuwa kisafi. Mwinuko wa ziwa ulioletwa na Speke, kwa kipimajoto cha maji yanayochemka, ulikuwa futi 1,844. Kwa kweli uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, yaani zaidi ya futi 2,500. Kosa hilo halikuwa dogo, kwa sababu wapinzani wa Burton walilitumia kusema kwamba Tanganyika liko chini mno hata maji yake yasiweze kupanda kwenda Naili. Walipata jibu sahihi kwa takwimu isiyo sahihi.

Mwaka 1860 Baraza lilimpa Nishani ya Mwasisi Lady Jane Franklin, ambaye alikuwa ametuma misafara kumtafuta mumewe aliyepotea katika barafu za kaskazini. Ni jambo la ajabu kwa chama ambacho hakikuwapokea wanawake kwa kanuni mpaka mwaka 1913. Linaonyesha kwamba wachaguzi, wakitaka, waliweza kuiacha kanuni ya miguu na vyombo, wakalipa jambo jingine. Mwaka uliofuata, 1861, Speke naye akapewa yake, kwa uvumbuzi wake mkubwa katika Afrika na hasa kwa kulivumbua ziwa Victoria Nyanza, ambalo alikuwa ameona ncha yake ya kusini tu, tarehe 3 Agosti, 1858. Yeye mwenyewe alikuwa njiani bara, katika safari ya pili, akitafuta ushahidi wa kile alichokwisha kusifiwa. Wachaguzi walilipa deni la mwaka 1859 kwa ziwa jingine. Waingereza wana mazoea hayo katika kila aina ya tuzo: ikikosekana haki mwaka huu, hulipwa mwaka mwingine kwa jina la jambo lingine, na mwisho daftari lote huwa halisomeki.

Hapa kitenzi kimebadilika. Kwa Burton ilikuwa kupeleleza, kwa Speke ni kuvumbua. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika maana yake ya asili ni kuondoa kifuniko. Na Kiswahili, kwa kuchagua vumbua, kimekwenda njia iyo hiyo, kwa maana mwisho wa -ua, kama katika fumbua na funua, hudokeza kitu kutolewa katika kilichokifunika. Vitenzi vya namna hii hudai mtendwa aliyefunikwa, lakini havisemi amefunikwa kwa nani. Ziwa Tanganyika halikuwa limefunikwa kwa Wajiji waliovua dagaa wake, wala kwa Wavinza waliopeleka chumvi sokoni, wala kwa Waarabu ambao, kwa maelezo ya Burton mwenyewe, walifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1840. Burton alilieleza jina la ziwa kuwa latokana na kitenzi cha wenyeji chenye maana ya kukutana au kuchanganyika, kwamba ni mahali pa maji kukutana. Iwe tafsiri hiyo ni sawa au sivyo, jambo moja ni dhahiri: aliyelivumbua alilikuta lina jina, naye alikaa akiuliza maana yake.

Nishani ya tatu ndiyo iliyozua kelele kubwa zaidi. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mwezi wa Novemba kwa hesabu yake mwenyewe, akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald. Habari zilipofika London mwaka 1872, Rais wa Jumuiya, Sir Henry Rawlinson, alidokeza kwamba si Stanley aliyempata Livingstone bali Livingstone ndiye aliyempata Stanley. Mwezi wa Agosti, katika mkutano uliofanyika Brighton, Francis Galton aliwaonya watu juu ya hadithi za kusisimua, alitaka jiografia. Mwezi huo huo Malkia Victoria akampelekea Stanley kijisanduku cha dhahabu chenye almasi. Barua za Livingstone zikathibitishwa kuwa zake. Na mwaka 1873 Baraza lile lile, ambalo baadhi ya watu wake walimcheka, likampa Nishani ya Mlezi, kwa sababu ya kumfikishia Livingstone msaada na kuleta Uingereza maandishi yake ya thamani.

Kwa kipimo cha vyombo na ramani, nishani hii ndiyo isiyostahiki kupita zote nne. Stanley hakupima nchi kwa namna ambayo Jumuiya ilikuwa ikidai kwa wengine. Livingstone hakuwa amepotea Ujiji, ijapokuwa alikuwa amepungukiwa na kila kitu. Wala hakuokolewa, kwa kuwa alikataa kurudi. Wenye kuandika Kiswahili wanaosema Stanley alimwokoa Livingstone wamekwenda mbali kuliko hati yenyewe. Tena kulikuwa na sababu nzuri ya kijiografia iliyokuwa mkononi. Mwezi wa Novemba 1871 wale wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mwisho wa kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba Rusizi huingia ziwani, kama walivyosema vijana wa Uvira miaka 13 kabla yake. Jiwe la Mugere, karibu na Bujumbura, lina tarehe ya siku waliyopita hapo, 25 Novemba. Kama ingalikuwa ni ushindi wa jiografia uliotakiwa, ulikuwapo. Uliotangulizwa ni ushindi wa gazeti. Baraza halikubadilisha nia kwa hoja. Lilisukumwa na Malkia, na umati, na aibu ya kuwa limemdharau mtu ambaye maneno yake yalithibitika. Hivyo mwaka 1859 kanuni ilivunjwa kwa ajili ya cheo, na mwaka 1873 ilivunjwa kwa ajili ya jina.

Cameron, kinyume chake, alikuwa mwanafunzi mwema wa kanuni. Afisa huyu wa jeshi la bahari alifika Ujiji mwezi wa Februari 1874, akazichukua karatasi za Livingstone zilizobaki huko, akazunguka nusu ya kusini ya ziwa akipima na kuchora, na mwanzoni mwa Mei akaukuta mto Lukuga upande wa magharibi, ukitoka. Alisonga ndani yake maili chache tu, majani yaeleayo yakamzuia. Kisha akaenda zake mpaka Benguela, akifika pwani ya Atlantiki mwezi wa Novemba 1875. Nishani ya Mwasisi ya mwaka 1876 ilitaja mambo mawili: kuvuka Afrika kutoka Zanzibar mpaka Benguela, na kulipima Ziwa Tanganyika. Kitenzi sasa ni kupima, na kwa kitenzi hicho nishani ya Cameron ni halali kuliko zote.

Juu ya kuvuka ni jambo jingine. Mwaka 1852 wafanyabiashara watatu kutoka Zanzibar walitokea Benguela, wakiwa wameikata bara yote kutoka mashariki. Gavana wa Kireno alishangaa, akaahidi zawadi ya fedha na cheo cha heshima. Aliyeahidiwa hakuwa mmoja wa wale watatu waliokwisha kuvuka, bali Mreno yeyote ambaye angefuatana nao wakirudi! Silva Porto alianza safari hiyo, akakoma njiani; watumishi wake Waafrika wakaendelea mpaka pwani ya Msumbiji. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha kwamba mashindano haya yalikuwa na mstari wa kuanzia ambao baadhi ya wakimbiaji hawakuruhusiwa kuusimamia, hata wakiwa wamekwisha kufika mwisho.

Ilikuwapo pia nishani ya fedha, na lugha yake ni nyingine kabisa. Livingstone alikufa kwa Chitambo mwaka 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakauchukua zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Njiani, karibu na Tabora, walikutana na Cameron, naye akawashauri wamzike huko huko, walikataa. Mwaka 1874 Jumuiya iliwapigia nishani 60 za fedha, zenye jina la Livingstone na maneno ya kusifu uaminifu wao mpaka mwisho. Nishani za dhahabu zilisifu vitenzi: alipeleleza, alivumbua, alipima. Za fedha zilisifu tabia. Mwaminifu hana kazi aliyoitenda yeye. Ana bwana ambaye hakumwacha. Na hali uamuzi wa kuuchukua mwili ule, wa kupanga njia, wa kuwahadaa wenyeji waliokataza maiti kupita, na wa kumkatalia Cameron, ulikuwa uamuzi wa Susi na Chuma wenyewe, wakiwa hawana bwana aliye hai. Neno uaminifu lilifuta uongozi wao kwa kuusifu. Horace Waller alipoyahariri maandishi ya mwisho ya Livingstone aliwahitaji wote wawili Uingereza ili wamfafanulie njia na majina ya mahali. Ujuzi huo haumo katika maneno ya nishani.

Bombay naye alipewa na Jumuiya nishani ya fedha na pensheni. Hesabu yake yafaa kuwekwa wazi. Alitembea na Burton na Speke miaka ya 1857 hadi 1859. Na Speke na Grant kutoka 1860 hadi 1863. Na Stanley mwaka 1871. Na Cameron kutoka 1873 mpaka Atlantiki. Grant alikuwa na nishani ya dhahabu ya mwaka 1864. Basi Bombay alifuatana na watu watano wenye dhahabu, akafika Ujiji mara tatu, na ni yeye mmoja tu kati yao wote aliyekuwapo tumaini la Rusizi lilipozaliwa na lilipokufa Uvira, na aliyekuwapo pia na Cameron Lukuga. Alikufa mwaka 1885.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba dhahabu ilikatazwa kwa mtu asiye Mzungu, na jambo likaisha. Lakini mwaka 1877 Baraza lilimpa Nishani ya Mlezi Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka milima ya Himalaya, aliyepima njia za Tibet kwa siri, akihesabu hatua zake kwa tasbihi ya shanga 100 badala ya 108 zilizo desturi. Nain Singh alitumwa na idara ya upimaji ya India, alifundishwa vyombo, aliandika madaftari. Alikuwa amefanya kazi katika lugha ya wachaguzi, yaani nambari. Bombay hakuacha maandishi yake. Ujuzi wake ulipita katika Kihindustani cha Speke, ukawa Kiingereza cha Speke, na ulipofika mbele ya Baraza ulikuwa umekwisha kubadili mwenyewe. Rangi ilikuwa mlango mmoja, kalamu ulikuwa mlango wa pili, na mtu mmoja tu wa nje aliwahi kupita yote miwili katika miaka inayozungumzwa hapa. Mwaka 2009 Jumuiya yenyewe ilifanya maonyesho ya historia zilizofichika za upelelezi, Bombay akiwa miongoni mwa walioonyeshwa. Hiyo ni kazi njema, ijapokuwa orodha ya dhahabu haikubadilika.

Lililobaki ni habari ya Lukuga. Siku zile zile Baraza lilipomheshimu Cameron, Stanley alikuwa akikaribia Ujiji kwa mara ya pili. Alifika mwishoni mwa Mei 1876, na tarehe 11 Juni akatoka kwa mashua yake, Lady Alice, kulizunguka ziwa lote. Alipofika Lukuga alidai kwamba maji hayajatoka bado, kwamba mlango umezibwa na matope na mafunjo, lakini kwamba karibu yatatoka. Cameron na wafuasi wake hawakupendezwa. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore, aliyekaa Ujiji, alikwenda akakuta maji yanakwenda kwa nguvu kuelekea magharibi, na ziwa likaanza kupungua. Pengine wote wawili waliona sawasawa, kila mmoja kwa mwaka wake, kwa kuwa mto ule huziba na kuzibuka.

Katika safari ile ya mwaka 1876 Stanley alichukua viongozi wawili wa njia kutoka Ujiji, akawaandika majina. Mmoja ni Ruango, ambaye mwaka 1871 aliwapeleka yeye na Livingstone mpaka Rusizi. Wa pili ni Para, ambaye mwaka 1874 alimpeleka Cameron mpaka Lukuga.